Nina krediti 84 kati ya 120. Kwa nini bado mihula minne?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya kwanza ya Masomo ya Mawasiliano, programu ya krediti 120. Nilihamia hapa na krediti 60 kutoka chuo cha miaka miwili, na baada ya mihula miwili nimefikisha 84. Zimebaki 36. Nikichukua 15 kila muhula naona namaliza ndani ya mihula miwili na kidogo, lakini mshauri wangu wa taaluma kaniambia nijiandae kwa minne. Tena kasema takwimu ni lazima, na Nadharia za Mawasiliano niliyopata D niirudie ingawa sikufeli. Mimi nilichagua mawasiliano makusudi ili niachane na hesabu. Kwani shahada hii inadai nini hasa, na nani kati yetu kakosea?

Jibu: Marahaba, mwanangu.

Kutoa umetoa sawasawa: 120 toa 84 inabaki 36. Ila mshauri wako hakuwa anatoa. Alikuwa anaangalia kozi ipi inafungua mlango wa kozi ipi, na kwa hesabu hiyo yuko sahihi. Ukifuata kalenda ya kawaida, una mihula minne mbele yako. Ipo njia ya kuipunguza hadi mitatu, nitaifikia. Miwili na kidogo, hiyo sahau.

Orodha ya kozi na mwongozo wa programu ulivyoniambatanishia vimenisaidia sana, kwa hiyo nitajibu nikiwa navyo mezani. Wasomaji wengine mtanivumilia nikichambua mambo ya mtu mmoja, maana tatizo lake nalikuta kwa wengi, hasa waliohamia kutoka chuo kingine.

Tuanze na hiyo 120 yenyewe. Krediti ni kipimo cha uzito wa kozi, na kwenye programu yako kozi moja ina tatu. Programu kama yako, ya mtindo wa Marekani, inagawa krediti katika mafungu matatu. La kwanza ni elimu ya jumla: uandishi, sayansi, historia, sanaa, hesabu au takwimu, na mara nyingine lugha ya kigeni. Kwenye mwongozo wako fungu hili lina krediti 42. La pili ni somo kuu, yaani mawasiliano yenyewe, nalo lina 39. Zinazobaki, 39 nyingine, ni za hiari, na hapo ndipo mwenye mpango huweka somo dogo kama sayansi ya siasa au saikolojia, na asiye na mpango huweka chochote kilichokuwa na nafasi siku ya usajili.

Juu ya mafungu hayo kuna masharti ambayo hayana krediti zake yenyewe ila yanapita katikati ya yote. Angalau krediti 40 ziwe za ngazi ya juu, yaani kozi za mwaka wa tatu na wa nne. Sehemu fulani ya shahada, mara nyingi robo, isomwe kwenye chuo kitakachoitoa. Wastani wa jumla usishuke chini ya 2.0 kwenye kipimo cha 4.0. Kila kozi ya somo kuu iwe na C au zaidi. Wanafunzi wengi wanayajua mafungu kwa moyo lakini masharti hawajawahi kuyasoma, kwa sababu kwenye mwongozo yamekaa ukurasa mwingine, kwa herufi ndogo, baada ya maelezo ya ada na maktaba.

Kwa anayesoma kwingine, namba zitakuwa tofauti lakini mpangilio unafanana. Katika nchi za Ulaya zinazotumia mfumo wa pamoja wa krediti uitwao ECTS, shahada ya kwanza ni krediti 180 hadi 240, mwaka mzima ukiwa na 60, na kila krediti inasimama kwa saa 25 hadi 30 za kazi, ukijumlisha kusoma peke yako. Uingereza shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, kila moja ikiwa saa 10. Kwa hiyo mwenye 360 hasomi mara tatu ya mwenye 120. Vipimo tu ndivyo vinavyotofautiana. Tofauti iliyo kubwa ni kwamba Ulaya elimu ya jumla ni kidogo au haipo, unaingia kwenye mawasiliano tangu wiki ya kwanza, na nafasi ya kubabaika na kozi za hiari ni finyu. Tatizo lako wewe lingekuwa gumu kulipata huko.

Sasa krediti zako 84. Elimu ya jumla umemaliza 39 kati ya 42. Kilichobaki ni takwimu. Mawasiliano unazo 12 kati ya 39: Utangulizi na Hotuba ulizokuja nazo, Nadharia na Mawasiliano Baina ya Watu ulizosoma hapa. Hiari unazo 33 kati ya 39. Umeona tatizo lilipolala? Umesoma nyingi, lakini nyingi ni za pembeni. Somo kuu lenyewe ndiyo kwanza unalianza.

Hilo si uzembe wako. Ndivyo kuhamia kunavyokuwa. Chuo kinachokupokea kinaweza kukubali krediti zako zote 60 kwa mkono wa ukarimu, kisha kikazimwaga kwenye fungu la hiari kwa sababu hakina kozi inayolingana nazo. Barua inasema "krediti 60 zimepokelewa", na mtu anafurahi. Haisemi zimepokelewa kama nini.

Naona Mawasiliano ya Biashara uliyoisoma kule imewekwa kwenye hiari. Unaweza kuomba idara iitazame upya. Peleka silabasi ya kozi ile, ile yenye mada za kila wiki, vitabu na aina ya kazi mlizofanya, maana jina la kozi peke yake halimshawishi mtu. Ila ujue utakachopata. Wakiikubali, itahama kutoka hiari kwenda somo kuu: huku zitapungua tatu, kule zitaongezeka tatu, na jumla itabaki ileile 36. Utapata uhuru zaidi wa kuchagua, muda haupungui.

Kuhusu D. Hapa ndipo wanafunzi hukasirika zaidi, na nawaelewa. D ni alama ya kufaulu, imo kwenye 84 zako na hakuna atakayeiondoa. Lakini idara inataka C kwenye somo lake, kwa hiyo D hiyo inahesabika kwenye 120 na haihesabiki kwenye sharti la Nadharia. Ukirudia na ukapata B, krediti haziongezeki, kwa kuwa kozi moja haihesabiwi mara mbili. Maana yake kazi iliyobaki ni ya krediti 39, ingawa zitakazoandikwa ni 36. Faida ya kurudia ni kwamba vyuo vingi huweka alama mpya mahali pa ile ya zamani kwenye wastani, japo ya zamani hubaki ikionekana kwenye hati ya matokeo.

Tufike kwenye kiini cha swali. Ukiangalia maelezo ya kozi moja moja, utakuta kila moja inataja kozi tangulizi. Mbinu za Utafiti inataka uwe umemaliza Nadharia kwa C, pamoja na takwimu. Semina ya ngazi ya juu inataka Mbinu za Utafiti. Mradi wa kuhitimu unataka semina. Kwa kuwa kila moja inachukua muhula, panga: muhula wa kwanza takwimu na kurudia Nadharia, wa pili Mbinu, wa tatu semina, wa nne mradi. Hata ungekuwa na krediti 110 leo, bila takwimu na bila C ya Nadharia ungekuwa na mihula minne. Hata ungepewa ruhusa ya kuchukua krediti 21 kwa muhula, mnyororo huo haufupiki.

Hesabu nyingine ndogo, ya ngazi ya juu. Unazo 9. Kozi zote 9 za somo kuu zilizobaki ni za ngazi ya juu, krediti 27, jumla 36. Unahitaji 40. Takwimu ni ya ngazi ya chini, haisaidii. Kwa hiyo krediti 6 za hiari zilizobaki lazima nazo ziwe za mwaka wa tatu au wa nne, ufike 42. Nasema hili mapema kwa sababu najua kinachotokea muhula wa mwisho: mtu amechoka na mradi, anatafuta kozi nyepesi ya mwaka wa kwanza ya kujazia, na ofisi ya msajili inamwambia ana krediti 120 kamili na bado hajahitimu.

Haya, takwimu. Umesema ulichagua mawasiliano ili uachane na hesabu. Hauko peke yako, nusu ya darasa langu la Mbinu za Utafiti huwa imekuja kwa njia hiyohiyo. Lakini hebu nikuonyeshe inatakiwa kwa kazi gani, kisha uamue kama ni ile hesabu uliyoikimbia.

Chukua wanafunzi wawili wanaofanya uchambuzi wa maudhui. Wana vichwa vya habari 100 kuhusu wakimbizi, na kila mmoja peke yake anaamua kila kichwa ni chanya au hasi. Wakimaliza wanalinganisha: wameafikiana kwenye 80. Asilimia 80, mtu angesema wamefanya vizuri. Subiri. Kama kila mmoja aliweka nusu ya vichwa upande wa chanya na nusu upande wa hasi, basi hata wangegawa huku wamefumba macho wangeafikiana kwenye vichwa kama 50 kwa bahati tu. Kwa hiyo toa bahati: 80 toa 50 ni 30. Toa bahati hiyohiyo kwenye ukamilifu: 100 toa 50 ni 50. Gawa 30 kwa 50, unapata 0.6. Hicho kinaitwa kapa ya Cohen, kutokana na Jacob Cohen aliyekipendekeza mwaka 1960. Klaus Krippendorff, ambaye alfa yake ni kipimo cha aina hiyo kinachotumika sana kwenye uchambuzi wa maudhui, alitaka watu wafike 0.8, na chini ya 0.667 aliona data haitoshi hata kwa hitimisho la tahadhari. Kwa kipimo hicho, wanafunzi wetu wenye "asilimia 80" warudi wakaandike upya maelezo ya nini ni chanya na nini ni hasi.

Hapo umetoa mara mbili na kugawa mara moja. Kigumu kilikuwa kutambua kwamba bahati inaweza kujifanya makubaliano. Huo ndio mzigo wa takwimu kwenye fani hii kwa sehemu kubwa, na kompyuta hufanya hesabu zilizobaki. Nisikudanganye, ipo mitihani, na mwanafunzi asiyefanya mazoezi ya kila wiki anazama. Ila haizamishi kwa sababu ya aljebra.

Tena kwenye maelezo uliyoniambatanishia umeandika kwamba nadharia unayoipenda ni ile ya kupanga ajenda, kwamba vyombo vya habari huenda visituamulie tufikiri nini lakini vinatuamulia tufikiri kuhusu nini. Unajua ilizaliwaje? Watafiti Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapigakura 100 wa mji wa Chapel Hill ambao walikuwa hawajaamua wampigie nani katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 1968. Wakapanga mada kwa uzito ambao wapigakura waliutaja, wakapanga na mada kwa uzito zilizopewa na vyombo vya habari vilivyowafikia watu hao, kisha wakapima orodha hizo mbili zinafuatana kiasi gani. Kwa habari zilizopewa nafasi kubwa, kipimo cha uhusiano kilitoka 0.967, na 1 ndicho kikomo. Makala yao ilitoka mwaka 1972. Bila kujua namba hiyo inasema nini, na zaidi isichosema, utaishia kuikariri nadharia uipendayo bila uwezo wa kuihoji. Mathalani, namba hiyo peke yake haikuambii ni nani aliyemfuata mwenzake, wapigakura au magazeti. Swali hilo ndilo lililoleta tafiti nyingi zilizofuata.

Utauliza, basi kwa nini fani moja inataka mtu asimame mbele ya darasa ahutubie, kisha huyohuyo akakae na majedwali? Ni kwa sababu ilikuja kwa njia mbili. Njia moja ni balagha, sanaa ya kushawishi kwa maneno, ambayo Aristotle aliichambua kwa kuangalia msemaji anavyoaminika, anavyogusa hisia na anavyojenga hoja. Walimu wa hotuba wa vyuo vya Marekani waliirithi; mwaka 1914 huko Chicago, 17 kati yao walijitenga na chama cha walimu wa Kiingereza wakaunda chao, ambacho leo kinaitwa National Communication Association. Njia nyingine ni sayansi ya jamii, iliyopata nguvu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake kwa watu waliotaka kujua propaganda, redio na magazeti vinawafanya nini wasikilizaji. Mwanasayansi ya siasa Harold Lasswell aliweka maswali ya njia hiyo wazi mwaka 1948: nani anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, kwa matokeo gani. Wilbur Schramm alikuwa ameshaanzisha taasisi ya utafiti wa mawasiliano Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1947. Idara nyingi za leo ni watoto wa ndoa hiyo, na mwongozo wa programu yako unaonyesha sura za wazazi wote wawili.

Ndiyo maana pia usichanganye Masomo ya Mawasiliano na Uandishi wa Habari, hata kama zimo kwenye jengo moja. Uandishi wa habari unakufundisha kuzalisha: kuripoti, kuhariri, kurekodi. Masomo ya mawasiliano yanakufundisha kuchunguza watu wanavyoelewana na kushawishiana, iwe ni daktari na mgonjwa, meneja na wafanyakazi, au chama na wapigakura. Kozi za moja haziingii moja kwa moja kwenye nyingine. Kama nia yako ni chumba cha habari, sema sasa, kabla hujaanza mnyororo niliokueleza.

Hotuba umeshapita, na alama yako ni nzuri, sina la kuongeza. Kwa wanaoiogopa: idara inajua mnaogopa. Mtafiti wa mawasiliano James McCroskey alitunga hojaji ya sentensi 24 kupima hofu ya kuwasiliana katika hali nne, kwenye kundi, kwenye mkutano, kwenye maongezi ya watu wawili na kwenye hotuba, na walimu wengi huwapa wanafunzi waijaze wiki ya kwanza. Kuogopa hakukupunguzii alama. Kutojiandaa ndiko kunakopunguza, na mwalimu mwenye uzoefu hukutambua kabla hujamaliza dakika ya kwanza.

Kozi sita za somo kuu zilizobaki baada ya Mbinu, semina na mradi ni za kuchagua ndani ya idara. Kwenye orodha yako naona Mawasiliano ya Shirika, Mawasiliano Baina ya Tamaduni, Mawasiliano ya Afya, Ushawishi, Mawasiliano ya Vikundi, Balagha ya Siasa, na nyingine. Ushauri wangu, na hapa wenzangu wengine wanaweza kunipinga: usichukue moja moja kutoka kila upande. Chagua eneo moja, chukua kozi tatu au nne humo, na mradi wako wa kuhitimu utoke hapohapo. Mwanafunzi aliyesoma afya kwa kina anajua tayari ni hojaji zipi zimetumika, ni maswali gani yamechoka, ni mwalimu gani wa kumsimamia. Aliyeonja kila kitu hutumia wiki sita za kwanza za mradi akitafuta mada.

Mradi wenyewe unaweza kuwa tasnifu fupi, kampeni kwa ajili ya shirika halisi, au potfolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako, yenye insha ya kuitetea. Ukichagua kuhoji watu, kumbuka kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Kibali hicho kinatangulia hojaji ya kwanza. Hawaangalii kama ulikuwa na nia njema. Data iliyokusanywa kabla ya kibali haitumiki, basi. Kamati huchukua wiki kadhaa, na mara nyingi huirudisha fomu mara ya kwanza kwa sababu barua ya kuomba ridhaa haisemi mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote. Andika maombi ukiwa kwenye semina, usisubiri muhula wa mradi.

Mafunzo kwa vitendo si lazima kwenye programu yako, lakini yanaruhusiwa kwa krediti. Vyuo vingi hudai kama saa 40 hadi 50 za kazi kwa kila krediti, hivyo krediti tatu ni kama saa 120 hadi 150, pamoja na ripoti na barua ya msimamizi. Jambo moja tu: jisajili kabla ya kuanza kazi. Kila mwaka hutokea mwanafunzi aliyefanya kazi safi kabisa likizo nzima, kisha akaja kuomba krediti baadaye. Huwa hapewi.

Sasa ile njia ya mihula mitatu. Inategemea kama chuo chako kina kipindi kifupi cha masomo wakati wa likizo, na kwa mujibu wa mwongozo ulionitumia kinacho. Soma takwimu na urudie Nadharia katika kipindi hicho. Hapo mnyororo unaanza kwenye Mbinu za Utafiti: muhula wa kwanza Mbinu na kozi nyingine tatu za ngazi ya juu; wa pili semina na nyingine tatu; wa tatu mradi na mbili. Jumla kozi 11, krediti 33, na 3 za takwimu zinafanya 36. Muhula wa mwisho utakuwa na krediti 9 tu, na kama msaada wako wa ada au viza inataka uwe mwanafunzi wa muda wote, ambayo kwa kawaida ni 12, ongeza mafunzo kwa vitendo hapo. Utahitimu na 123. Hakuna anayekatazwa kuvuka 120.

Ukikaa kwenye mihula minne, angalia jambo hilohilo kwa makini zaidi. Kazi ya krediti 39 ukiigawa kwa minne ni chini ya 10 kwa muhula, na ofisi ya ada haitakuonya mpaka umeshavunja sharti. Kwa mtu mwenye ajira lakini, minne ndiyo ningependekeza. Takwimu iliyobanwa kwenye wiki chache, pamoja na Nadharia na kazi ya kutwa, imeshaleta D nyingine nyingi.

Mambo ya ofisini ni mafupi. Muulize mshauri wako unahesabiwa kwa mwongozo wa mwaka gani. Kwa kawaida ni wa mwaka ulioingia, na ukiahirisha masomo kwa muda mrefu unaweza kuhamishiwa kwenye mpya wenye masharti mapya. Makubaliano yoyote ya kubadilisha kozi moja kwa nyingine yawe kwa maandishi, yaingizwe kwenye mfumo, maana washauri huhama. Omba tathmini rasmi ya shahada sasa, halafu tena kabla ya muhula wa mwisho. Na maombi ya kuhitimu hujazwa na mwanafunzi mwenyewe, mara nyingi muhula mmoja kabla. Mfumo haukuhitimishi wenyewe.

Kama nafasi za takwimu za likizo zimejaa, unaweza kuisoma kwenye chuo chako cha zamani, ilimradi msajili akupe kibali cha maandishi kabla hujalipa ada, kinachotaja namba ya kozi ya kule na ile inayolingana nayo hapa. Krediti zikirudi zitaingia, ila alama yake huenda isiguse wastani wako. Nadharia usijaribu kuipeleka huko. Kozi ya kurudia isomee hapohapo ulipopata D, kwa sababu vyuo vingi havikubali C ya chuo kingine iifute.